Mchora Mistari

Mwaka aliokuja, uwanja ulikuwa wa nyasi
na mimi nilikuwa bado nina mgongo.
Februari, theluji ya Pennsylvania imelala kifudifudi,
nikasukuma toroli la rangi nyeupe huku nanung'unika,
nikamkuta peke yake na koleo,
kofia ya sufu, pua imeiva kwa baridi,
amekwisha kusafisha nusu ya golini.
"Wewe ndiye Osgood?"
"Ndiye."
"Mimi Hettie Brannock, kocha.
Nina wasichana kumi na wanne na fimbo kumi na moja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Lakrosi nilikuwa siijui.
Sikujua kwamba mpira mgumu kama kokwa
hukaa ndani ya kimia kidogo bila kushikwa,
kwa kuyumbishwa tu, huku mtu anakimbia roho juu;
wenyewe wanaita kubembeleza,
na kweli, ukitazama mikono peke yake
utadhani kuna mtoto anakaribia kulala.

Mwaka ule walifungwa mara kumi na moja.
Nilihesabu, maana kila mechi ilipokwisha
alikuja kunishukuru kwa mistari
kana kwamba mistari ndiyo iliyofungwa.
Chuo kilimlipa nusu mshahara.
Jezi alifua mwenyewe, gari aliendesha mwenyewe,
usiku kucha kutoka Utica, wasichana vinywa wazi usingizini.
Timu ya wanaume ilikuwa na basi lenye choo.

Mvumilivu hula mbivu, husema wasemao.
Huyu alikula mbichi, kwa chumvi, miaka sita,
na sahani akairudisha kuomba nyingine.

Kisha Marlys Printup, binti wa Watuscarora,
ambao mchezo huu ni wa babu zao tangu enzi.
Bibi yake alikataa: fimbo ile si ya mikono ya kike.
Hettie akaenda. Saa nne jikoni kwa bibi.
Hakuomba kitu. Alikausha vyombo.
Bibi hakusema ndiyo, hata siku moja;
ila mwaka wa tatu nilimwona nje ya uzio,
shali begani, ameshika waya kwa vidole viwili,
na Marlys alipofunga, vile vidole vikakaza.

Ushindi ukaanza kuja kama paka:
hukumwita, unageuka, yupo mlangoni.
Mia tatu tisini na saba.
Kombe la kwanza alilipandisha juu ya jokofu la ofisini
akawa anatia humo vibanio vya nywele vilivyookotwa uwanjani.

Malaika hakuwa. Nimeona msichana
akilia nyuma ya kibanda changu usiku wa kuamkia fainali,
jina lake limefutwa, sababu hakuambiwa.
Nilimpa chai. Sikuwa na lingine.

Halafu fedha za makombe zikaleta zulia la plastiki,
mistari imeshonwa humo humo, haifutiki, haimhitaji mtu.
Walionitoa kazini ni wale niliowashangilia.
Wakanishusha chini, kwenye matanuri ya mvuke.

Akanifuata huko, ngazi thelathini, goti lake bovu.
"Osgood, nyuma ya bohari kuna kipande cha nyasi.
Nataka duara. Moja tu. Kila Februari."
"La nini?"
"Mazoezi."
Aliongopa. Hakuna aliyefanya mazoezi pale.
Nilichora miaka tisa.

Mei aliondoka. Keki, makofi, funguo mezani.

Februari hii hakuna aliyeniomba.
Nimelitoa toroli hata hivyo, gurudumu linalia,
nikazunguka bohari, na theluji ilikuwa imekwisha kuondolewa.
Binti nisiyemjua, wa mwaka wa kwanza,
ameegemea koleo, fimbo kwapani, anapuliza vidole.
"Kocha aliniandikia barua," akasema.
"Kasema nisafishe tu. Nisichore. Pana mwenyewe."

Nikainama. Mgongo ukalalamika.
Nikaanzia pale aliposimama yeye,
ikabidi asogee.